Harry Ferguson

Harry Ferguson (jina kamili: Henry George Ferguson, Growell, County Down, Ireland, 4 Novemba 1884 – Stow-on-the-Wold, Uingereza, 25 Oktoba 1960) alikuwa mhandisi, mvumbuzi na mfanyabiashara. Anakumbukwa hasa kwa kubuni kiungo cha nukta tatu, yaani mfumo wa kuunganisha trekta na vifaa vyake kwa vyuma vitatu na kuvinyanyua kwa nguvu ya haidroliki. Mfumo huo unatumika hadi leo karibu katika kila trekta la kilimo duniani.

Ferguson alikuwa pia mtu wa kwanza kurusha ndege nchini Ireland, mwaka 1909. Katika miaka yake ya mwisho alishughulikia magari yanayoendeshwa na magurudumu yote manne.

Kabla yake trekta lilikuwa mashine nzito ya kuvuta tu, iliyochukua nafasi ya farasi. Baada yake trekta dogo na jepesi liliweza kulima, kunyanyua, kupakia na kuchimba, likiendeshwa na mtu mmoja. Matrekta madogo ya leo yenye ndoo ya kupakia mbele na mkono wa kuchimbia nyuma yametokana na wazo hilo.

## Maisha ya awali

Ferguson alizaliwa katika familia ya wakulima, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto 11. Baba yake, James Ferguson, alikuwa mtu wa dini mwenye msimamo mkali, na nyumba iliongozwa kwa nidhamu kubwa. Harry hakuipenda kazi ya shamba, ambayo wakati ule ilifanywa kwa mikono na kwa farasi. Pia alipokuwa kijana aliacha imani ya baba yake, jambo lililoleta mvutano nyumbani.

Mwaka 1902 aliondoka shambani na kwenda Belfast kufanya kazi na kaka yake Joe, aliyekuwa na karakana ya kutengeneza baiskeli na magari. Huko alijifunza ufundi wa injini na akajulikana kwa uwezo wa kuzirekebisha hadi zifanye kazi vizuri. Kuanzia mwaka 1904 alishiriki mashindano ya pikipiki na ya magari, ambayo yalisaidia pia kuitangaza karakana.

Mwaka 1911 alianzisha biashara yake mwenyewe ya magari mjini Belfast, ambayo baadaye iliitwa Harry Ferguson Ltd. Mwaka 1913 alimwoa Maureen Watson, na walipata mtoto mmoja wa kike.

Ferguson aliunga mkono upande wa Waprotestanti wa Ulster waliopinga Ireland kujitawala. Mwaka 1914 alisaidia kazi ya kuingiza kwa siri bunduki za kikosi cha Ulster Volunteer Force.

## Urubani

Mwaka 1909 Ferguson alikwenda Ufaransa kuangalia maonyesho ya ndege mjini Reims. Aliporudi alimshawishi kaka yake wajenge ndege yao wenyewe katika karakana ya Belfast. Walijenga ndege yenye jozi moja ya mabawa, wakaifunga injini ya kampuni ya JAP yenye nguvu za farasi 35.

Tarehe 31 Desemba 1909, katika bustani kubwa ya Hillsborough, Ferguson aliirusha kwa umbali wa mita 118 hivi. Hiyo ilikuwa safari ya kwanza ya ndege yenye injini nchini Ireland. Mwaka uliofuata alishinda zawadi ya pauni 100 kwa kuruka maili tatu kando ya pwani katika mji wa Newcastle, County Down.

Alipata ajali kadhaa, na baada ya kuanzisha biashara yake aliacha urubani. Hata hivyo kazi ya ndege ilimzoesha kupunguza uzito wa kila kipande cha mashine bila kupunguza uimara wake. Jambo hilo lilionekana wazi katika matrekta yake.

## Tatizo la trekta na plau

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Uingereza ilihitaji chakula zaidi huku wanaume na farasi wengi wakiwa vitani. Ferguson alikuwa tayari akiuza trekta la Kimarekani lililoitwa Overtime. Mwaka 1917 serikali ilimwomba asaidie kuboresha matumizi ya matrekta yaliyokuwapo Ireland. Alizunguka nchi pamoja na fundi wake Willie Sands, wakiwafundisha wakulima na kuangalia jinsi mashine zilivyofanya kazi mashambani.

Katika safari hizo waliona kasoro kubwa mbili. Ya kwanza ilikuwa uzito. Trekta lilivuta plau kwa mnyororo au chuma kama farasi anavyovuta mkokoteni. Ili magurudumu yasiteleze, watengenezaji waliongeza uzito wa trekta lenyewe. Trekta zito lilitumia mafuta mengi, liligandamiza udongo na lilikuwa ghali mno kwa mkulima mdogo.

Kasoro ya pili iligharimu maisha ya watu. Plau ikigonga jiwe au mzizi na kukwama, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukumwa na injini. Kwa kuwa hayakuweza kusonga mbele, nguvu hiyo ilinyanyua sehemu ya mbele ya trekta, nalo likapinduka kinyumenyume juu ya dereva. Ajali za namna hii zilitokea hasa kwa trekta aina ya Fordson la Henry Ford, lililokuwa jepesi na kuuzwa kwa wingi kuliko mengine yote. Madereva kadhaa walikufa.

Ferguson aliamua kwamba kosa lilikuwa katika kutenganisha trekta na kifaa chake. Kwa maoni yake, viwili hivyo vilipaswa kuwa mashine moja.

## Mfumo wa Ferguson

### Majaribio

Plau ya kwanza ya Ferguson na Sands ilitolewa mwaka 1917. Haikuwa na magurudumu, na ilifungwa moja kwa moja kwenye trekta lililotengenezwa kutokana na gari la Ford Model T. Baadaye walitengeneza plau ya Fordson iliyoshikwa kwa vyuma viwili, kimoja juu ya kingine, ili trekta lisiweze kupinduka. Mwaka 1925 Ferguson alishirikiana na ndugu wawili wa familia ya Sherman nchini Marekani kutengeneza plau hizo katika mji wa Evansville, Indiana. Biashara hiyo ilikosa msingi mwaka 1928, Ford alipoacha kutengeneza Fordson nchini Marekani.

Lililobaki gumu zaidi lilikuwa kina cha kulima. Plau iliyofungwa moja kwa moja kwenye trekta ilizama au kuinuka kila trekta lilipopita kwenye bonde au tuta dogo. Ferguson na mafundi wake walijaribu njia nyingi kabla ya kuchagua haidroliki, yaani kutumia mafuta yaliyosukumwa na pampu ndani ya trekta. Hati za hakimiliki ya uvumbuzi huo zilianza kutolewa katikati ya miaka ya 1920. Mwaka 1933 walikamilisha trekta la majaribio lililopakwa rangi nyeusi, ambalo sasa limehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi mjini London.

### Namna unavyofanya kazi

Kifaa hushikwa na vyuma vitatu: viwili chini, kulia na kushoto, na kimoja juu katikati. Vyuma vya chini huvuta kifaa na hunyanyuliwa na mikono ya haidroliki. Plau inapokata udongo hutaka kupinduka kwenda mbele, hivyo chuma cha juu husukumwa kuelekea trekta.

Ferguson alitumia msukumo huo kama kipimo. Chuma cha juu kiliunganishwa na springi, na springi iliunganishwa na vali ya haidroliki. Udongo ukiwa mgumu, msukumo huongezeka, vali hufunguka na plau huinuliwa kidogo. Udongo ukilainika, plau hushuka tena. Dereva huchagua kina mara moja, kisha mashine hujirekebisha yenyewe.

Mfumo huo uliondoa kasoro zote mbili kwa pamoja. Sehemu ya uzito wa plau na wa udongo inayoupindua iliegemea magurudumu ya nyuma, kwa hiyo trekta jepesi lilishika ardhi kama zito, na lilishika zaidi kazi ilipokuwa ngumu. Plau ikigonga jiwe, chuma cha juu kilisukuma trekta kwa namna iliyozuia pua yake kuinuka. Wakati huohuo haidroliki iliachia uzito uliokuwa juu ya magurudumu, nayo yakateleza mahali pamoja bila madhara hadi dereva akanyage klachi.

## Trekta la Ferguson-Brown

Ferguson hakuwa na kiwanda cha matrekta. Mwaka 1936 alikubaliana na David Brown wa Huddersfield, Uingereza, mtengenezaji wa gia, watoe trekta lililojulikana kama Ferguson-Brown. Liliuzwa kwa pauni 224, na kila kifaa chake kwa pauni 28.

Trekta lilisifiwa na waliolijaribu lakini mauzo yalikuwa madogo. Lilikuwa ghali kuliko Fordson, na mkulima hakuweza kulifunga vifaa vya farasi alivyokuwa navyo. Alilazimika kununua plau, haro na vifaa vingine vipya vilivyotengenezwa kwa ajili yake. Yalitengenezwa matrekta 1,350 hivi tu.

Washirika hao wawili walitofautiana. Brown alitaka trekta kubwa zaidi lenye nguvu zaidi. Ferguson alikataa, kwa sababu aliamini kwamba bei ingeshuka kwa kutengeneza kwa wingi trekta dogo lilelile. Mwaka 1939 waliachana, na Brown akaanza kutoa matrekta kwa jina lake.

## Mapatano na Henry Ford

Mnamo Oktoba 1938 Ferguson alisafiri na trekta moja hadi Dearborn, Michigan, akamwonyesha Henry Ford jinsi lilivyolima. Ford, ambaye naye alikulia shambani, alivutiwa sana. Wazee hao wawili walikaa nje mezani, Ferguson akaeleza mfumo wake kwa msaada wa trekta dogo la mfano, kisha wakapeana mikono. Ford angetengeneza matrekta, na Ferguson angetoa uvumbuzi wake na kuyauza. Hawakuandikiana mkataba wowote.

Trekta la Ford 9N lenye mfumo wa Ferguson lilionyeshwa kwa umma tarehe 29 Juni 1939. Katika onyesho hilo mtoto wa miaka minane aliliendesha na kulima nalo, ili watu waone jinsi lilivyokuwa rahisi. Bei yake mwanzoni ilikuwa dola 585. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mpira na vifaa vya umeme vilipungua, likatolewa toleo lililoitwa 2N, ambalo baadhi yake lilikuwa na magurudumu ya chuma. Hadi mwaka 1947 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya 300,000 ya aina hizo mbili.

Ferguson alitarajia kwamba kampuni ya Ford ingetengeneza trekta lake pia nchini Uingereza. Tawi la Uingereza halikukubali, likaendelea na Fordson.

### Kesi mahakamani

Henry Ford alifariki Aprili 1947. Mjukuu wake, Henry Ford II, alikuwa ameshika uongozi wa kampuni iliyokuwa ikipoteza fedha, na kwa hesabu zake biashara ya matrekta ilimnufaisha Ferguson tu. Mapatano yalivunjwa. Mwaka 1947 Ford ilitoa trekta jipya, 8N, likiwa na kiungo cha nukta tatu, na ikaanza kuliuza kupitia kampuni yake yenyewe. Kampuni ya Ferguson nchini Marekani ilibaki na wauzaji wengi bila trekta la kuwapa.

Mwaka 1948 Ferguson alifungua kesi akidai dola milioni 251, kiasi alichokiongeza baadaye. Alilalamikia matumizi ya uvumbuzi wake bila malipo na uharibifu wa biashara yake. Kesi ilichukua miaka minne na kumchosha mwili na akili.

Ilimalizika kwa suluhu mnamo Aprili 1952. Ford ilikubali kulipa dola milioni 9.25 kwa kutumia uvumbuzi wake na kubadilisha baadhi ya sehemu za haidroliki. Dai la uharibifu wa biashara halikulipwa, kwa kuwa ilikuwa vigumu kuonyesha hasara: katika miaka hiyohiyo matrekta ya Ferguson mwenyewe yalikuwa yakinunuliwa kwa wingi.

## Trekta dogo la kijivu

Baada ya vita Ferguson alikubaliana na kampuni ya Standard Motor, iliyokuwa na kiwanda kikubwa cha injini za ndege huko Banner Lane, Coventry, ambacho hakikuwa na kazi tena. Mwaka 1946 kiwanda hicho kilianza kutoa trekta la Ferguson TE20. Mwaka 1948 Ferguson alifungua pia kiwanda mjini Detroit, Marekani, kilichotengeneza aina ya TO20.

TE20 lilikuwa na uzito wa kilo 1,100 hivi, likapakwa rangi ya kijivu. Lilitolewa kwa petroli, kwa mafuta yanayofanana na mafuta ya taa na, kuanzia mwaka 1951, kwa dizeli. Spana moja iliyokuja na trekta ilitosha kwa kazi za kila siku na za kufunga vifaa, na ilikuwa na alama za kupimia ili mkulima aweke plau yake sawasawa. Mtu mmoja aliweza kufunga au kufungua kifaa kwa dakika chache bila msaada.

Vifaa vilikuwa vingi: plau, haro, mashine za kupandia, za kupalilia na za kukatia majani, msumeno, trela, keni ya kunyanyulia na kifaa cha kupakia mbolea kilichofungwa mbele. Kampuni iliendesha shule ya kuwafundisha wauzaji, mafundi na wakulima, kwa sababu Ferguson alisisitiza kwamba mashine isiuzwe kwa mtu asiyejua kuitumia. Alikuwa mkali kwa wafanyakazi wake katika mambo madogo: usafi, mavazi, namna ya kupanga zana.

Hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1956, zaidi ya matrekta 500,000 ya TE20 yalikuwa yametengenezwa, na mengi yaliuzwa nje ya Uingereza. Mafanikio yake yaliyojulikana zaidi hayakuwa ya kilimo. Tarehe 4 Januari 1958 Edmund Hillary na wenzake walifika Ncha ya Kusini wakiwa na matrekta ya Ferguson yaliyofungwa minyororo ya kutembelea juu ya theluji.

## Massey Ferguson

Mwaka 1953 Ferguson aliunganisha biashara yake na kampuni ya Kanada ya Massey-Harris. Alilipwa kwa hisa zenye thamani ya dola milioni 16. Wakati wa mazungumzo pande mbili zilitofautiana kwa dola milioni moja, na Ferguson akapendekeza warushe sarafu. Alishindwa, akakubali bila kulalamika.

Kampuni iliitwa Massey-Harris-Ferguson, na tangu mwaka 1958 ikawa Massey Ferguson. Ferguson alikuwa mwenyekiti, lakini hakuzoea kuamua mambo pamoja na bodi ya wakurugenzi. Mwaka 1954 alijiuzulu na kuuza hisa zake. Jina lake lilibaki kwenye matrekta yaliyoenea nchi nyingi, zikiwemo Kenya na Tanzania, ambako trekta jekundu la Massey Ferguson linajulikana sana mashambani.

## Miaka ya mwisho

Ferguson alitumia fedha zake katika kampuni ya utafiti, Harry Ferguson Research, aliyoianzisha mwaka 1950. Lengo lilikuwa gari salama lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne na breki zisizofunga magurudumu. Hakuna mtengenezaji mkubwa aliyekubali kulichukua gari hilo akiwa hai.

Tangu zamani alikuwa akisumbuliwa na vipindi vya huzuni kubwa na kukosa usingizi, na miaka ya mwisho hali ilizidi. Alifariki nyumbani kwake Abbotswood, karibu na Stow-on-the-Wold, tarehe 25 Oktoba 1960, akiwa na umri wa miaka 75, baada ya kumeza dawa za usingizi kupita kiasi. Uchunguzi wa kifo uliacha wazi suala la kama ilikuwa ajali au la.

Mwaka 1961 gari la mashindano lililojengwa na kampuni yake, Ferguson P99, liliendeshwa na Stirling Moss na kushinda mashindano ya Oulton Park. Mwaka 1966 mfumo wake wa magurudumu manne uliuzwa kwa umma katika gari la Jensen FF.

## Urithi: trekta la kupakia na kuchimba

Baada ya muda wa hakimiliki kwisha, kampuni nyingine zote zilichukua kiungo cha nukta tatu. Leo vipimo vyake vimewekwa katika kanuni za kimataifa na kugawanywa katika madaraja kulingana na ukubwa wa trekta. Kwa sababu hiyo plau iliyotengenezwa nchi moja huweza kufungwa kwenye trekta la daraja hilohilo kutoka nchi nyingine. Matrekta madogo mengi hutumia daraja la 1.

Mashine ya kuchimba iliyofungwa nyuma ya trekta ilizaliwa kwenye matrekta ya ukoo huu. Mwaka 1948 kampuni ya Wain-Roy ya Massachusetts, Marekani, iliuza mkono wa kuchimbia unaoendeshwa kwa haidroliki pekee, uliofungwa kwenye trekta la Ford 8N. Mwaka 1953 kampuni ya JCB ya Uingereza iliunganisha ndoo ya mbele na mkono wa nyuma katika mashine moja. Tangu hapo zimekuwapo mashine kubwa za ujenzi za namna hiyo, na pia matrekta madogo ya shamba yanayoweza kufungwa vifaa hivyo na kufunguliwa.

Kwa mwenye shamba dogo, trekta la namna hii hufanya kazi ambazo zingehitaji mashine kadhaa au vibarua wengi: kuchimba mtaro wa bomba la maji, msingi au shimo la choo, kung'oa visiki, kupakia samadi na mchanga, kusawazisha njia. Mkono wa kuchimbia ukivuliwa, trekta lilelile hulima.

Hata hivyo kazi hizo zina hatari tofauti na zile alizozitatua Ferguson:

- Mzigo wa mbele. Ndoo iliyojaa huegemeza uzito kwenye magurudumu ya mbele na kuyapunguzia uzito ya nyuma. Ndiyo maana huwekwa uzito wa ziada nyuma, au huachwa mkono wa kuchimbia ukiwa umefungwa. Mzigo hubebwa chini, karibu na ardhi, kwa sababu ukiinuliwa juu kwenye mteremko trekta hupinduka ubavuni kwa urahisi.
- Kufunga mkono wa kuchimbia. Kiungo cha nukta tatu kilibuniwa kwa kifaa kinachovutwa, na huruhusu kifaa kuinuka chenyewe. Mkono wa kuchimbia husukuma, hunyanyua na kugeuka pande zote. Ukifungwa kwenye kiungo hicho peke yake unaweza kurushwa juu na kumbana dereva kwenye kiti. Njia salama zaidi ni kuufunga kwenye fremu ya chuma iliyoshikwa na mwili wa trekta.
- Miguu ya kuegemea. Kabla ya kuchimba, miguu miwili ya pembeni hushushwa hadi ikae imara chini, na ndoo ya mbele huwekwa ardhini, ili trekta lisivutwe kuelekea shimoni.
- Fremu ya kumkinga dereva. Matrekta ya Ferguson hayakuwa nayo. Matrekta ya sasa huwa na fremu ya chuma nyuma ya kiti, na mkanda hufungwa ili dereva abaki ndani ya kinga hiyo trekta likipinduka.
- Haidroliki. Mkono wa kuchimbia huhitaji mafuta mengi kuliko kunyanyua plau, hivyo mara nyingi huwa na pampu yake inayozungushwa na mhimili wa nyuma wa trekta. Mafuta machafu huharibu pampu na vali, kwa hiyo kubadilisha mafuta na chujio ni sehemu kuu ya matunzo.

## Tathmini

Ferguson aliamini kwamba mashine nafuu shambani zingeshusha bei ya chakula na kuondoa umaskini, na alitumia muda mwingi kuwashawishi viongozi wa siasa wakubali mpango wake wa uchumi. Katika hilo hakufanikiwa. Ugomvi wake na Brown, na Ford, na Massey-Harris ulitokana kwa sehemu na tabia yake ya kutokubali kubadilisha wazo lake hata kidogo. Lakini bila tabia hiyo huenda angeacha majaribio ya plau miaka mingi kabla ya kufaulu.

Wanahistoria wa kilimo humhesabu miongoni mwa watu waliobadilisha zaidi kazi ya shamba katika karne ya 20. Picha yake iliwekwa kwenye noti ya pauni 20 ya benki ya Northern Bank ya Ireland ya Kaskazini, na bustani ya kumbukumbu yenye sanamu yake ipo Growell, karibu na nyumba alimozaliwa.